Kabla hujaufunga uso wa meza

Kwako sahibu yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumai barua hii itakukuta buheri wa afya, wewe na wote wa nyumbani. Yako nimeipata, na mchoro wa meza nimekaa nao muda mrefu. Nimefurahi mno kwamba umeamua kuiunda kwa mikono yako, na tena kwa mwaloni (oak). Miguu imekaa vizuri, kimo kinafaa, na mtoto wa meza uliyemweka upande mmoja nimempenda. Ila ulipoandika kwamba uso wa meza utaupaka gundi na kuukaza kwa skrubu pande zote ili usisogee kamwe, nimeona nikujibu leo leo.

Mbao haziachi kuvuta na kutoa unyevu, hata zikishakauka, hata zikishapakwa vanishi. Hewa ikijaa unyevu zinatanuka, ikikauka zinasinyaa. Kufuata urefu wa nyuzi mabadiliko ni madogo mno. Kwenye upana ndiko kwenye kazi. Uso wa meza yako una upana wa mita moja. Ukitumia mwaloni mweupe uliopasuliwa kwa njia ya kawaida, na unyevu ndani ya mbao ukapanda kutoka asilimia 7 hadi 11, uso huo utaongezeka upana kwa milimita 14 hivi. Mbao za fremu zilizolala chini yake zikiukatiza hazitaongezeka, kwa sababu nyuzi zake zinakwenda kwa urefu upande huo huo. Ukivifunga viwili hivyo pamoja, lazima kimoja kiumie: uso upasuke, au ujikunje, au viungo vya fremu viachie. Usitegemee gundi wala skrubu kuushinda mwaloni kwa nguvu.

Fanya hivi. Chimba mfereji mwembamba upande wa ndani wa fremu, kuizunguka yote. Halafu tengeneza vifungo vidogo vya mbao, kila kimoja kiwe na ulimi mfupi wa kuingia kwenye mfereji. Kifungo unakikaza kwa skrubu kwenye uso wa meza peke yake. Ule ulimi unabaki huru kuteleza. Hapo uso umebanwa chini, hauinuki, lakini unakwenda na kurudi utakavyo. Katikati ya kila upande mfupi kaza sehemu moja isiyosogea, ili kutanuka kugawanyike sawa kulia na kushoto. Ni kanuni ile ile ya mlango wa kabati: bao la katikati huingizwa kwenye mfereji wa fremu bila tone la gundi. Mafundi wa Ulaya walifika hapo baada ya karne nyingi za masanduku ya mbao nzima zilizopigiwa misumari na kupasuka, na mimi naliona kuwa moja ya mambo ya busara kabisa yaliyowahi kufanywa kwa randa na patasi.

Sasa kuhusu kununua. Usianze na rangi ya ubao, anza na kichwa chake, pale ulipokatwa. Tazama pete za miaka. Zikiwa zimelala kama upinde, huo ni ubao uliopasuliwa kwa njia ya kawaida. Zikisimama wima kutoka uso mmoja hadi wa pili, gogo lilipasuliwa kwanza robo nne, na ubao wa namna hiyo hutanuka karibu nusu tu ya ule mwingine: zile milimita 14 zinakuwa 7. Ni ghali zaidi, maana gogo linapotea sana, lakini kwa uso wa meza naomba usibane pesa. Na kuna uzuri ambao hutaupata popote pengine. Mwaloni una miale mipana inayotoka kwenye kiini cha mti kuelekea ganda, na upasuaji huo huifunua: mabaka yanayong'aa, yanayobadilika ukisogea na mwanga. Sijachoka kuyatazama mpaka leo.

Ukiulizwa mweupe au mwekundu, chukua mweupe. Vinyweleo vya mwaloni mwekundu, yaani vile vijitundu vyembamba ndani ya mbao, viko wazi. Ukichovya kijiti chake majini na kupuliza ncha ya pili, mapovu hutoka. Vya mweupe vimeziba vyenyewe, ndiyo maana mapipa ya mvinyo na wiski hutengenezwa kwa huo. Meza ya kulia chakula humwagikiwa maji kila siku.

Viungo vya miguu umechora skrubu. Zifute. Tumia kiungo cha ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja uliochongwa ulimi ikaingia kwenye tundu la mwingine, ukapige kigingi: toboa kwanza tobo la kigingi kwenye mashavu ya tundu, yaani kuta zake mbili, kisha tobo la kwenye ulimi lisogeze milimita moja au moja na nusu kuelekea bega lake, pale ulimi unapoanzia. Kigingi kikavu, kilichopasuliwa kufuata nyuzi na kuchongwa ncha, kikipita pale kinauvuta ulimi ndani na kuukaza moja kwa moja. Karibu na Leipzig, Ujerumani, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta visima vya mwaloni vya miaka 7,000 hivi iliyopita, vyenye viungo vya ulimi na tundu vilivyokazwa kwa kabari. Waliovijenga walikuwa na zana za mawe, hawakujua chuma. Kwa patasi yako iliyonolewa vizuri huna cha kuogopa.

Na chuma chenyewe kiweke mbali. Mwaloni umejaa tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao; chuma kikigusana nayo penye unyevu, huacha madoa meusi yasiyotoka kirahisi. Kwa vile vifungo tumia skrubu za shaba ya manjano. Ni laini na hukatika ndani ya mbao ngumu, kwa hiyo toboa, pitisha kwanza skrubu ya chuma ya saizi hiyo hiyo, itoe, ndipo utie ya shaba.

Ulisema unataka rangi ya kahawia iliyokolea kwa mvuke wa amonia, kama Gustav Stickley, mtengenezaji wa samani wa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Hutoa rangi nzuri sana, maana ni tanini yenyewe inayobadilika, si rangi iliyopakwa juu. Lakini mvuke ule unaumiza macho na mapafu, nami nisingependa uufanye peke yako mara ya kwanza. Paka mafuta ya kitani na nta. Mwanga utaukoleza kidogo kidogo. Vitambaa vya mafuta vitandaze vikauke, usivikunje ukavitupa pembeni, vinaweza kuwaka vyenyewe.

Mbao zikifika, zipange ndani ya chumba meza itakamokaa, uweke vijiti kati yake hewa ipite, na uziache wiki kadhaa. Kisha zipime unyevu kwa kile kipimo cha sindano na uniandikie asilimia uliyopata, pamoja na upana wa kila ubao. Nitakufanyia hesabu ya kina cha mfereji na urefu wa ndimi kabla hujagusa msumeno.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote