Wasioandikwa kwenye OB

Mhariri,

Watafiti wanaokuja hapa Kisumu kuchunguza jinsi polisi wanavyoshughulikia dhuluma za nyumbani huanzia kituoni. Hufungua kitabu cha matukio, ile OB, wakahesabu kesi. Nawaomba waanzie kwa wanawake ambao hawakuandikwa humo.

Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu kituoni usiku. Alikuwa amebana leso kwenye paji la uso, damu imeanza kuganda. Afisa wa zamu alikuwa ameshika kalamu tayari. Akauliza, "Mama, huyo aliyekupiga ni bwanako?" Alipoitikia, kalamu ikarudi mfukoni. "Basi rudini mkaelewane. Ikishindikana, muone mzee wa mtaa." Hakuandika hata mstari mmoja. Mtafiti akikisoma kitabu kile leo, atadhani usiku ule ulikuwa shwari.

Na sheria ipo! Ile ya 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inamtaka polisi amweleze mlalamishi pa kupata hifadhi na matibabu, na akitaka kuandikisha taarifa kwa afisa wa jinsia yake, apewe nafasi hiyo. Jirani yangu aliambiwa arudi tu.

Watetezi wa wanawake wamekuwa wakiuliza tangu zamani: utafiti unapima nini, na kwa faida ya nani? Mjini Minneapolis, Marekani, mwaka 1981 na 1982, polisi walijaribu njia tatu, kila kesi ikipangiwa yake kwa bahati nasibu: kumkamata mshukiwa, kuwashauri wawili hao, au kumwondoa nyumbani kwa saa 8. Waliokamatwa ndio walioonekana kurudia kupiga mara chache kuliko wengine. Jaribio liliporudiwa Milwaukee, ikabainika kwamba wanaume wasio na kazi walizidi kupiga baada ya kukamatwa. Kipimo kikuu kilikuwa kama mwanamume amerudia. Mke alilala wapi, watoto walikula nini baba alipokuwa ndani, hayo hayakuwa kipimo. Kwangu mimi hayo ndiyo yanayoamua kama mwanamke atarudi kituoni mara ya pili.

Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2022 uliwauliza wanawake wenyewe, na 34 kati ya kila 100 walisema wamewahi kupigwa tangu wakiwa na miaka 15. OB haiwezi kutupa picha hiyo.

Jirani yangu huuza omena sokoni Kibuye. Watafiti wamtafute huko, wakae naye chini, wamsikilize. Ila wasimpigie simu jioni. Huwa anaishika mumewe.

Msomaji wako,
Manyatta, Kisumu