Viatu vya soli nyembamba vinadai miezi, si wiki mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme na wanachama wa klabu za jogging, na yeyote aliyenunua au anayetaka kununua viatu vya soli nyembamba, vile vinavyotangazwa kwamba ukivivaa ni sawa na kutembea peku. Ni viatu vizuri na ninavipendekeza kwa watu wengi. Ninachokipinga ni namna vinavyouzwa. Mteja anakabidhiwa boksi, anaambiwa hii ndiyo dawa ya magoti, na Jumamosi inayofuata anapiga navyo kilomita 10 za lami pamoja na wenzake. Wiki ya tatu anachechemea, na lawama zote zinakiangukia kiatu.

Kiatu hakiondoi mzigo wa mwili, kinauhamisha tu. Raba ya kawaida ya kukimbilia ina kisigino kilichoinuka milimita 8 hadi 12 kuliko sehemu ya mbele, na chini yake kuna sponji nene. Kiatu chembamba kina soli ya milimita 3 hadi 10 hivi, kisigino na mbele viko usawa mmoja au vinapishana kidogo sana, na mbele ni kipana ili vidole vitanuke. Kisigino kikishuka kiasi hicho, kano ya kisigino na misuli ya vigimbi inavutika zaidi katika kila hatua. Tena kwa kuwa hakuna sponji, wakimbiaji wengi huanza kutua kwa katikati ya unyayo au kwa mbele. Goti linapata nafuu, lakini kazi yake inashukia kigimbi, kano, na ile mifupa mirefu myembamba iliyo nyuma ya vidole. Goti limeizoea kazi hiyo kwa miaka, mifupa ile haijaizoea. Msuli huimarika ndani ya wiki kadhaa, lakini kano na mfupa vinadai miezi. Hapo ndipo watu wanapoumia: vigimbi vimeacha kuuma, mtu anadhani mguu mzima uko tayari.

Wauzaji wanapenda kutaja wanariadha wa Kenya na Ethiopia waliokua bila viatu. Ni kweli Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa peku, kwa saa 2:15:16. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu akashinda tena kwa saa 2:12:11. Ni kweli pia kwamba mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya, wakaonyesha kuwa waliokua peku mara nyingi hutua kwa mbele na hawapati ule mshtuko wa ghafla wa kisigino. Lakini mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima Wadaasanach 38 wa kaskazini mwa Kenya, watu ambao kutembea peku ndiyo desturi yao, wakakuta kwamba katika mwendo wa kawaida wa mbio ndefu asilimia 72 walitua kwa kisigino. Kasi, ardhi na mazoea vyote vina sauti yake. Kwa hiyo kocha anayewapigia watu kelele watue kwa vidole anawafundisha kitu ambacho hata waliozaliwa peku hawakifanyi wote.

Mwaka huohuo wa 2013, Marekani, ulichapishwa utafiti wa wakimbiaji 36 ambao 19 kati yao walihamia kwenye viatu vyembamba vyenye vidole kwa wiki 10. Picha za MRI zilionyesha uvimbe umeongezeka ndani ya mifupa ya miguu ya 10 kati ya hao 19. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, inayotengeneza viatu hivyo, ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi iliyohusu madai ya kiafya kwenye matangazo yake, bila kukiri kosa. Upande wa pili, utafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia watu waliovaa viatu vyembamba katika shughuli za kila siku kwa miezi sita, na nguvu ya miguu yao ikapanda kwa wastani wa asilimia 57 hivi. Msomaji aone tofauti: faida ile ilipatikana kwa kuvaa kila siku, si kwa mazoezi ya mbio. Ndiyo maana nashikilia kwamba mtu atembee navyo kwanza, tena kwa muda mrefu kuliko anavyodhani.

Ukienda kununua, nenda jioni, wakati mguu umeshavimba kwa kazi za mchana. Kabla ya kutoka nyumbani simama juu ya karatasi, uchore mguu wako penseli ikiwa wima, kisha ukate mchoro huo uuingize ndani ya kiatu. Karatasi ikikunjika pembeni, kiatu hicho kitakubana. Mbele ya kidole kirefu kibaki kama sentimita moja. Kunja kiatu toka mbele kwenda nyuma, kisha kisokote kama unayekamua nguo. Kikigoma, si kiatu chembamba hata boksi likisema nini. Kwa mitumba, kiweke mezani ukitazame kwa nyuma: kikilalia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza ameshakipindisha, na wewe utaupindisha mguu kukifuata. Vuta pia ukingo wa soli kwa kucha, maana gundi ya zamani hukauka na soli huachia njiani.

Wiki mbili za kwanza, dakika 20 hadi 30 za kutembea kwa siku zinatosha, nyumbani au ofisini. Ongeza taratibu hadi uweze kushinda navyo kutwa nzima bila maumivu, jambo ambalo kwa wengi huchukua mwezi au zaidi. Wakati huo imarisha mguu. Simama ukingoni mwa ngazi, inua visigino na kuvishusha polepole mara 12 hadi 15, seti tatu, siku moja magoti yakiwa yamenyooka na siku nyingine yakiwa yamekunjwa kidogo, kwa sababu misuli inayofanya kazi haifanani. Kisha ukiwa umekaa, vuta ile nyama nene ya unyayo iliyo chini ya shina la kidole gumba kuelekea kisigino bila kukunja vidole, shikilia sekunde tano, rudia mara 10. Usianze kukimbia navyo kabla hujaweza kuinua kisigino cha mguu mmoja mara 20 mfululizo, kulia na kushoto.

Mbio ziwe dakika moja kukimbia na moja kutembea, jumla dakika 10, mara mbili kwa wiki, kwa siku zisizofuatana. Mazoezi mengine yote endelea na raba zako za zamani. Anayekimbia kilomita 30 kwa wiki asizidishe kilomita 2 au 3 za viatu vyembamba mwanzoni, na nyongeza ya kila wiki isizidi asilimia 10 ya mbio zake zote. Kwa mwendo huo kuhama kabisa kunachukua miezi mitatu hadi sita, na wako wanaohitaji mwaka. Chagua njia yenye ardhi ngumu, tambarare na safi. Wengi hukimbilia mchanga wa ufukweni wakidhani ni laini kwa mguu, kumbe kisigino kinazama na kano inavutika hadi mwisho.

Fupisha hatua, mguu utue karibu na chini ya mwili badala ya kutupwa mbele. Hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa nne. Ukipata hatua 170 hadi 180 kwa dakika uko pazuri, ingawa warefu na wanaokwenda polepole wanaweza kuwa chini ya hapo. Kosa kubwa kuliko yote ni kukimbia kwa ncha za vidole kisigino kikiwa hewani muda wote. Hata anayetua kwa mbele anapaswa kuacha kisigino kiguse ardhi baadaye.

Vigimbi kukaza kwa siku moja au mbili ni kawaida. Kano ikiwa ngumu kila asubuhi, punguza nusu ya kazi. Lakini maumivu ya sehemu moja ndogo juu ya mguu, mahali unapoweza kupafunika kwa sarafu, yanayozidi ukibonyeza na yanayobaki hata ukipumzika, ni dalili ya ufa wa mfupa. Acha kukimbia siku hiyohiyo, nenda hospitali. Eksirei ya wiki ya kwanza au ya pili inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo jibu safi lisikurudishe barabarani ikiwa maumivu yapo. Mfupa huo mara nyingi unahitaji wiki sita hadi nane.

Wenye kisukari wasiviguse viatu hivi kabla miguu yao haijapimwa. Kuna kipimo mtu anaweza kufanyiwa nyumbani: afumbe macho, mwenzake amguse kwa wepesi, sekunde moja au mbili bila kubonyeza, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Asipohisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, miguu imepoteza hisia. Huyo anahitaji kiatu kinachomlinda na daktari wa kumfuatilia, kwa sababu msumari utaingia asijue.

Na hata kwa mwenye afya, soli ya milimita 4 haizuii mwiba wa mgunga. Anayekimbia njia za vumbi akague soli kila akirudi, na awe amechanjwa dhidi ya pepopunda. Mafundi ujenzi na madereva wa bodaboda wabaki na viatu vigumu kazini. Wako wanaoniuliza kama katambuga, vile viatu vya wazi vya tairi, ni kitu kilekile. Zimekaribia: ni bapa na vidole viko huru. Ila tairi halikunjiki, na zisizo na mkanda wa nyuma hulazimisha vidole ving'ate chini ili zisichomoke. Kwa kutembea zinafaa, kwa mbio hapana. Kwa watoto, ambao tunawavalisha viatu vyeusi vya shule vyenye ncha nyembamba kutwa nzima, wazazi wawaache wacheze peku kwenye uwanja safi usio na funza wala vioo wakirudi nyumbani. Hilo halihitaji duka lolote.

Viongozi wa klabu wanaoandaa watu kwa Kilimanjaro Marathon nawaomba wasiagize viatu vyembamba kwa kundi zima kama sare. Mwanachama asiyevizoea miezi minne kabla ya mbio akimbie na raba zake za siku zote, na hivyo vyembamba avitumie kuendea kazini hadi mbio zipite.

Msomaji wako,
Mkufunzi wa mbio, Arusha