Kuhusu Adongo, kabla ukuje Desemba

Wanjiru wangu,

Habari za Nakuru na hiyo baridi yenu? Huku Kisumu ni joto tu, lakini tuko wazima.

Meseji yako nilikaa nayo siku mbili nzima, juu najua ni mapenzi yalikufanya uniambie Adongo nimchangamshe mapema kabla azoee kunyamaza. Na si wewe tu, ripoti fomu ya shule ya muhula huu imekuja imeandikwa mtoto ni kimya sana, ajaribu kuwa kama pacha wake. Iliniuma Wanjiru. Kama pacha wake!

Hawa walipishana dakika 11, wanakula sufuria moja, wanalala kitanda kimoja, lakini tukipanda matatu Apiyo anasalimia hadi makanga na Adongo yuko nyuma ya leso yangu. Basi nikaanza kusomasoma usiku wakishalala. Kumbe mapacha wasiofanana wanagawana jeni kama ndugu wengine wowote, karibu nusu, sasa mimi nilitarajia watoke sawa kwa nini?

Halafu nikapata hii, na hapa ndipo nilitulia: wanasaikolojia wengi siku hizi wanapima tabia za mtu kwa vipimo vitano, na kuchangamkia watu ni kimoja, wasiwasi ni kingine kabisa. Yaani mtu anaweza kuwa chini kwa kile cha kwanza na hana woga wowote. Tena wengi wetu tuko katikati, hata Adongo akibaki na binamu yake mmoja wanapiga stori mpaka nawazimia taa. Wanasaikolojia wawili, Allport na Odbert, mwaka 1936 walipekua kamusi ya Kiingereza wakatoa maneno karibu 18,000 ya kueleza vile watu wako, na huyu mtoto wangu tunampa moja tu, kimya.

Juzi tukiwa Kibuye nanunua omena, Apiyo anachekesha mama wa samaki, mimi pia nacheka, nikasikia leso inavutwa. "Mama, amekurudishia ishirini zaidi." Alikuwa amehesabu. Yule mama alimshika mashavu akamwongezea gorogoro nusu, na Adongo hakujificha, alimwangalia tu machoni akasema asante.

Sasa ukikuja, tafadhali usimwambie asalimie kwa sauti. Keti tu karibu naye pale kwa ngazi, mpatie muda, atakuletea daftari yake ya ndege mwenyewe. Amechora hadi wale korongo wa Dunga.

Wako,
Mama Mapacha