Viti vya barazani vichaguliwe kwa magoti ya mkaaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie picha za mabaraza mnazozichapisha katika kurasa za nyumba. Ni picha nzuri, na sina ugomvi na uzuri wake. Ninachokikosa ni namba. Msomaji huonyeshwa kiti cha kupumzikia cha nje, akaelezwa rangi ya takia na maua ya kuweka pembeni, lakini haambiwi kikalio kiko sentimita ngapi kutoka chini, wala fremu imetengenezwa kwa nini. Mimi ni fundi. Kazi yangu ni kuunga viti na meza zinazofika majumbani zikiwa vipandevipande ndani ya maboksi, na ninayoyaona boksi likishafunguliwa ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye wanawe walimnunulia viti viwili vya barazani. Nilipomaliza kuviunga alikaa, akaegemea, akafurahi. Alipotaka kuinuka akashindwa. Alijisogeza mbele akitafuta mahali pa kushika, lakini mikono ya kiti ilikuwa mifupi, imeishia nusu ya mapaja yake, na kikalio kilikuwa kimelalia nyuma. Mwanawe akamshika akamvuta. Iliniuma kumwona vile, maana ni mtu anayejifanyia mambo yake yote mwenyewe. Viti vilikuwa imara, na vilitoka ghali. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza yeye kabla ya kununua.

Kikalio cha kiti cha kawaida cha mezani huwa karibu sentimita 45 kutoka sakafuni. Viti vingi vya kupumzikia vya nje hushuka hadi 40, vingine 35 au chini zaidi, na kina chake, yaani kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye mgongo wa kiti, mara nyingi hupita sentimita 55. Ongeza takia. Takia nene likiwa jipya hukionyesha kiti kirefu kuliko kilivyo. Mtu akilikalia linabonyea, na yeye anajikuta chini kuliko alivyodhani. Magoti yakishakuwa juu ya nyonga, kuinuka kunabebwa na mapaja na mikono. Kijana hata haoni tofauti. Mjamzito anaiona, mzee anaiona, na mwenye goti bovu anaiona kila mara. Waliofanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa nyonga mara nyingi huelekezwa na madaktari wasikunje nyonga kupita nyuzi 90 katika wiki za mwanzo, na kiti cha chini huwalazimisha kufanya jambo hilohilo walilokatazwa.

Kwa hiyo, wateja wakiniomba ushauri, mimi huanza na utepe wa kupimia. Ninampima yule atakayekaa, kutoka sakafuni hadi kwenye kikunjo cha nyuma ya goti, akiwa amevaa viatu anavyovaa nyumbani. Kama ana shida ya kuinuka, kikalio kisiwe chini ya kipimo hicho baada ya takia kukandamizwa. Kisha natazama mikono ya kiti: iwe mipana ya kutosha kuwekea kiganja chote, ifike karibu na ukingo wa mbele, na isiyumbe ukiiegemea kwa uzito wako wote. Mkono wa kiti ndio ngazi ya kutokea.

Viko viti vya mbao vinavyoitwa Adirondack, vyenye mgongo uliolala na mikono mipana sana. Asili yake ni kiti alichobuni Thomas Lee mwaka 1903 huko Westport, jimbo la New York nchini Marekani, na hataza yake, yaani haki ya kisheria ya ubunifu huo, ikachukuliwa mwaka 1905 na Harry Bunnell. Inasimuliwa kwamba Lee alikuwa akiwakalisha jamaa zake kwenye kila jaribio na kuwauliza wanajisikiaje. Kiti chenyewe ni cha chini, simshauri mwenye magoti mabovu akinunue. Ila ule utaratibu wa kukalisha watu kwanza ningependa kila mnunuzi aufuate.

Baada ya urefu, pindueni kiti. Sehemu ya juu imetengenezwa ili ipendeze. Ukweli wa kiti uko chini. Mimi hutembea na sumaku ndogo mfukoni. Ikinasa kwenye fremu, hiyo ni chuma cha kawaida, nacho kitashika kutu mara rangi itakapochunika, kwa kawaida kuanzia kwenye maungio ya kuchomelea na kwenye ncha za miguu. Bomba la chuma liwe na tundu dogo upande wa chini la kutolea maji, la sivyo linaoza kwa ndani huku nje linang'aa. Sumaku isiponasa, huenda ni alumini, ambayo haishiki kutu kama chuma, na kwa baraza linalopigwa na mvua ndiyo ninayoipendelea. Hapo angalieni unene wa bomba na jinsi lilivyochomelewa, kwa sababu alumini nyembamba hupinda.

Bolti nazo zisomwe. Bolti nyingi za chuma kisichoshika kutu huwa na alama kichwani, A2 au A4. A2 inatosha mahali pengi. Karibu na bahari takeni A4, kwa kuwa imechanganywa na metali iitwayo molibdenamu inayoisaidia kuhimili chumvi. Na pale bolti ya chuma inapopita kwenye alumini, washa ya plastiki, kile kipete bapa kilichokuja kwenye mfuko, isitupwe. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi, moja huila nyingine, na hapo inayoliwa ni alumini. Nimeokota washa hizo kwenye takataka katika nyumba nyingi, watu wakidhani ni za ziada.

Kuhusu mbao sitasema mengi. Mtiki una mafuta yake ya asili na hukaa nje miaka mingi. Rangi yake kugeuka kijivu kwa jua ni jambo la juu tu, si kuoza. Henzirani ya asili ni ya ndani au chini ya paa. Ile ya kusuka kwa plastiki ndiyo ya nje, mradi plastiki yake iwe imewekewa kinga ya jua, vinginevyo hukauka na kukatika. Takia liwe na zipu ili foronya ifuliwe, na sponji yake iwe ya matundu wazi inayopitisha maji, kwani sponji ya kawaida hunyonya mvua na kubaki mbichi siku nzima.

Sasa kuunga, na hapa naomba wasomaji wanisikilize, maana viti vingi vizuri huharibiwa siku ya kwanza. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni mtu kukaza bolti ya kwanza hadi mwisho kabla hajaingiza ya pili. Fremu inavutwa upande mmoja, matundu ya upande wa pili hayalingani tena, naye anaanza kulaumu kiwanda na kulazimisha kwa nyundo. Bolti zote ziingizwe kwanza kwa vidole, zizunguke mara mbili tatu tu, kiti kikiwa bado kinachezacheza. Kila bolti ianze kwa kurudishwa nyuma kidogo, mpaka usikie imedondoka kwenye njia yake, ndipo izungushwe mbele. Ikiwa ngumu tangu mwanzo imepanda vibaya. Itolewe, ianzwe upya.

Kiti kiungwe ndani, kwenye sakafu iliyonyooka, juu ya kadibodi ya lile boksi ili rangi isikwaruzwe. Kisiungwe barazani kwenyewe. Baraza lililojengwa vizuri huwa na mteremko wa kutoa maji, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na kiti kilichokazwa juu ya mteremko hujifunga kikiwa kimepinda. Ukikihamishia mahali sawa, mguu mmoja unaning'inia. Kisimamisheni, mtu akikalie bolti zikiwa zimelegea ili miguu ijipange yenyewe, kisha kazeni kwa kukingamana: mbele kushoto, nyuma kulia, halafu zilizobaki.

Kifunguo kile cha umbo la L kinachokuja na boksi kinatosha. Drili ya umeme iacheni kwenye sanduku. Nati nyingi za viti vya alumini zimepachikwa ndani ya bomba jembamba, na drili huzing'oa zikaanza kuzunguka ndani humo pamoja na bolti. Ikifika hapo hata mimi kazi yangu inakuwa ya kukata na kutoboa upya, na rangi ya kiwandani haiwezi kurudi ilivyokuwa. Baada ya wiki chache za kukaliwa, bolti zote zikazwe tena. Kifunguo hicho kifungwe kwa uzi chini ya kikalio kisipotee.

Viti vya kukunja na vile vya mgongo unaolazwa kwa hatua vina hatari yake. Bawaba zake hukamata vidole, hasa vya watoto. Kabla sijaviacha nyumbani kwa mtu huvikunja na kuvikunjua mbele yake, nikamwonyesha mahali pa kushika na pale asipopaswa kuweka mkono kabisa. Mgongo unapolazwa, kitasa kiingie hadi kisikike, ndipo mtu aegemee.

Mhariri, ninaomba mambo mawili. Mnapochapisha picha ya kiti cha nje, chini yake muweke urefu wa kikalio takia likiwa limekandamizwa, kina chake, na fremu ni ya nini. Ni mstari mmoja tu, na wanaowapatia ninyi picha hizo wanazo namba hizo. La pili linawahusu wauzaji wanaotangaza katika gazeti hili: duka likiwa na mtindo fulani wa kiti, kimoja kiwe kimeungwa na kuwekwa mahali ambapo mteja anaweza kukikalia, kuegemea na kuinuka bila kushikwa mkono. Na anayenunulia wazazi wake aende nao dukani.

Wako,
Fundi wa kuunga samani