Barua ya wazi kwa vijana wa kikundi chetu kabla hamjahamisha akiba yote

Wanangu, salamu nyingi. Nimesoma mabishano yenu ya wiki nzima kwenye simu, nusu yenu mnasema hela ya serikali ni karatasi tu akiba yote ihamie kripto, yani hela za kwenye kompyuta zisizotolewa na serikali, nusu mnasema kripto ni utapeli mtupu, na nimeona wawili wenu wamefika hatua hawasalimiani. Imeniuma. Naandika hadharani kwa sababu najua kelele hizi haziko kwenu peke yenu.

Mnaosema noti ni karatasi mko sahihi, hapo tusipotezeane muda. Baada ya vita kuu ya pili dola ilifungwa kwa dhahabu, wakia moja dola 35, sarafu nyingine nazo zikafungwa kwa dola, mpaka tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon wa Marekani akatangaza kwamba serikali za nje zikileta dola hazipewi tena dhahabu. Toka hapo karibu dunia nzima inatumia hela inayosimama kwa sheria na amri tu, ndo hiyo wasomi wanaita fiati. Sawa. Ila nyie mkaruka kutoka hapo mpaka kusema haina thamani yoyote, na hapo ndo nawakatalia. Kodi mnalipa kwa hela gani? Faini je, leseni je, mahakama ikiamua ulipwe deni lako unalipwa kwa hela gani? Yani kuna mpokeaji mkubwa kuliko wote, serikali yenyewe, ambayo haiwezi kuikataa hela yake, na kila anayedaiwa kodi lazima aitafute hata kama anaichukia.

Ubaya wa fiati uko kwenye swali lingine, nani anaweza kuiongeza. Ujerumani mwaka 1914 dola moja ilikuwa marki 4 na kidogo, Novemba 1923 dola ile ile ilikuwa marki trilioni 4.2, mtu aliyeweka akiba maisha yake yote akabaki na karatasi za kuwashia moto. Zimbabwe walifika noti ya trilioni 100, na mwaka 2009 wakaiacha sarafu yao wakatumia za wageni. Kote huko serikali ilikuwa na matumizi makubwa kuliko mapato na mashine ya kuchapa noti iko mkononi mwake. Kwahiyo kijana anayeogopa hela ya serikali simcheki hata kidogo, ana sababu.

Lakini hayo maswali mawili, nani anaiongeza na nani lazima aipokee, muulizeni kila mtu anayewaletea hela mbadala, sio serikali peke yake. Simbi za baharini zilikuwa hela Afrika Magharibi kwa karne nyingi, hakuna serikali iliyoweza kuzichapa, na bado zilianguka, kwa sababu karne ya 19 wafanyabiashara wa Ulaya waligundua simbi za pwani ya Zanzibar zinapatikana kwa bei rahisi, wakazipeleka kule meli kwa meli mpaka zikajaa na thamani ikashuka. Hakuna rais aliyehusika pale.

Bitkoini, ndo kripto ya kwanza na kubwa kuliko zote, kwenye swali la kwanza inajibu vizuri kuliko kitu chochote ninachokijua, nasema hivyo bila kinyongo. Ilianza Januari 2009, kikomo chake ni koini milioni 21, na zawadi ya wachimbaji, yani wenye kompyuta zinazothibitisha miamala na kulipwa koini mpya, inapungua nusu kila miaka kama minne, toka koini 50 kwa kila bloku, yani fungu la miamala, mpaka 3.125 mwaka 2024. Swali la pili ndo linaisumbua, maana hakuna mtu duniani anayelazimika kuipokea. El Salvador walijaribu kulazimisha kwa sheria Septemba 2021, biashara zikaambiwa zipokee, watu wengi wakaendelea na dola zao, na Januari 2025 bunge likabadilisha sheria kupokea kukawa hiari. Kitu kisichokuwa na wa kulazimika bei yake inategemea hamu ya watu, na hamu inapanda na kushuka, Novemba 2021 koini moja ilikaribia dola 69,000, mwaka mmoja baadae ilikuwa chini ya 17,000. Sasa fikirieni mwenzenu kalazwa hospitali mwezi huo wa kushuka.

Alafu mnachanganya bitkoini na kila koini inayozaliwa. Hizi tokeni nyingi mnazotumiana, yani koini ambazo mtu au kampuni yoyote inaweza kuzitoa, swali la kwanza tu linazimaliza. Terra, mradi mmoja wa kripto, ilidai koini yake itakaa dola moja siku zote, Mei 2022 ikaporomoka, na mfumo wake ukawa unazalisha Luna mpya, koini yake ya pili, kujaribu kuiokoa mpaka zikafika matrilioni ndani ya siku chache, ni uchapaji ule ule wa Ujerumani ila umefanywa na programu. Hata zile zenye akiba ya kweli ya dola angalieni zinapolala. Machi 2023 USDC, koini inayotakiwa kubaki dola moja, ilishuka mpaka chini ya senti 90 kwa sababu dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa Silicon Valley Bank iliyofilisika, na ikarudi pale serikali ya Marekani iliposema wenye amana wote watalipwa. Mtu alikimbia serikali, akaokolewa na serikali.

Hela mbadala iliyonigusa sana ni ya mji mdogo wa Wörgl huko Austria, mwaka 1932, kipindi watu hawana kazi na shilingi za nchi hazionekani. Halmashauri ikatoa noti zake, ikalipa vibarua wa barabara, na noti isiyotumika ilipungua asilimia 1 kila mwezi mpaka uibandike stempu, kwahiyo hakuna aliyeificha. Na halmashauri yenyewe ilizipokea kwenye kodi, hapo ndo palikuwa na nguvu yake. Benki kuu ya nchi ikaipinga, mwaka 1933 ikasimamishwa. Ile ilitoa kazi kwa watu, haikumuahidi mtu utajiri.

Kuna jambo la nyumbani sijawahi kulisema. Kijana mmoja wa ukoo wetu alinunua bitkoini zamani kidogo, maneno 12 ya siri yanayofungua waleti yake, yani pochi ya koini zake, akaandika kwenye kikaratasi, kikaratasi mfukoni mwa suruali, suruali ikafuliwa. Simu nayo ikafa. Tulikikunjua mezani pole pole tukitumia ncha ya kisu, tukakiacha kikauke, tukasoma kwa tochi mpaka usiku. Maneno matano yalisomeka, saba yamekuwa doa la bluu. Mpaka leo ukiweka anwani ile kwenye intaneti unaiona hela yake imekaa pale nzima, kila mtu duniani anaiona, na hakuna dirisha la kwenda kuomba. Hela ya benki au ya kwenye simu ukisahau namba ya siri kuna mtu wa kumsumbua, pale hakuna mtu.

Kwahiyo ombi langu ni hili. Akiba ya kikundi kazi yake ni ada, matibabu na misiba, na madeni hayo yote yanadaiwa kwa hela ya serikali, basi ikae kwenye hela hiyo hiyo hata kama mfumuko wa bei unaikwangua kidogo kidogo, na sehemu isiyohitajika karibuni tutafute hati fungani au kitu kinachozalisha. Mwenye hamu ya bitkoini anunue kwa hela yake mwenyewe, kiasi ambacho kikishuka nusu watoto bado wanakula, na maneno yake ayatunze sehemu mbili.

Nyie wawili mmoja wenu apige simu kwanza, sijali nani. Na ile tokeni mnayotaka tuingie, Jumapili nileteeni maandishi yake, nataka nioneshwe mstari unaosema nani ana ruhusa ya kuongeza nyingine.

Mzee wenu.