Daktari, uliza na habari za ndama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu makala yenu ya afya juu ya kuhara kwa watoto. Mwandishi ameeleza vizuri habari za maji machafu, vyoo na kunawa mikono. Lakini tangu mwanzo hadi mwisho hakumtaja mnyama hata mmoja. Mimi ni bibi wa wajukuu 6, na ng'ombe wa maziwa nimewafuga kwa zaidi ya miaka 30. Pengo hilo nimelipitia mwenyewe.

Mwaka jana ndama wangu wa siku 9 alianza kuhara maji ya manjano, akagoma kunyonya. Ili anywe kwenye ndoo, nilichovya vidole kwenye maziwa, nikamtia mdomoni avifyonze, huku namshusha kichwa taratibu mpaka pua iguse maziwa. Kila mfugaji anaijua kazi hiyo, na anajua mtu anavyotoka bandani: mate mpaka kwenye viwiko, kinyesi kwenye aproni. Nilijifuta kwa aproni hiyohiyo, nikasuuza mikono kwa maji matupu, nikaenda kumpokea mjukuu wangu wa miezi 8. Siku ya tatu mtoto akaanza kutapika, kisha akahara.

Zahanati walituuliza maji tunayokunywa, mtoto amekula nini, na nani mwingine anahara. Hakuna aliyeuliza kama tuna mnyama mgonjwa. Daktari wa mifugo aliyekuja kumwona ndama naye hakuuliza kama nyumbani kuna mtoto mchanga. Siwalaumu, kila mmoja alifanya kazi aliyofundishwa. Wagonjwa wote wawili walipona kwa namna moja, maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, usiku kucha. Siapi kwamba mtoto aliambukizwa na ndama, maana kinyesi hakikupimwa, si cha huyu wala cha yule. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichopata juu ya virusi vya rota, vinavyoharisha watoto wadogo duniani kote na ndama pia. Mwaka 1969 watafiti wa Nebraska, Marekani, walieleza kirusi walichokipata kwa ndama wanaohara. Mwaka 1973 Ruth Bishop na wenzake wa Melbourne, Australia, wakaviona virusi vya namna hiyo katika utumbo wa watoto, kwa darubini ya elektroni. Vina umbo la gurudumu, na neno rota ni gurudumu kwa Kilatini. Kwa hiyo ndama alitangulia, mtoto akafuata miaka minne baadaye. Halafu sisi tukawatenganisha tena.

Sikatai kwamba watoto wengi huambukizwa na binadamu wenzao. Virusi vya ng'ombe mara nyingi havishamiri kwa mtu. Lakini vinasaba vya kirusi cha rota vimegawanyika vipande 11, na kirusi cha ng'ombe na cha binadamu vikikutana ndani ya seli moja ya utumbo, vinaweza kubadilishana vipande. Kinachotoka hapo ni kirusi kipya. Huko New Delhi, India, watoto wachanga walikutwa na kirusi cha binadamu kilichokwisha kubeba kipande cha ng'ombe, nao hawakuugua. Kirusi hicho ndicho kilichotumika kutengeneza mojawapo ya chanjo za matone za rota wanazopewa watoto leo. Chanjo nyingine ilitengenezwa kwa kuchanganya makusudi vipande vya kirusi cha ng'ombe na cha binadamu. Mzazi anayeniambia magonjwa ya zizini hayamhusu, humwambia aitazame chanjo ya mwanawe, kisha ahakikishe mtoto hakosi hata dozi moja.

Wala si kuhara peke yake kunakotoka bandani. Wafugaji wa nguruwe nao wana jambo lao, kirusi cha homa ya ini aina ya E. Nguruwe hukibeba akiwa mzima kabisa machoni, na mtu anaweza kukipata kwa kula nyama, hasa maini, yasiyoiva.

Ombi langu ni dogo, wala halihitaji mashine. Anayemtibu mtoto anayehara aongeze swali moja: je, nyumbani kuna ndama au nguruwe anayehara, na nani anamhudumia? Naye anayemtibu ndama aulize nani anamlea mtoto. Majibu yakionyesha kwamba mtoto na mnyama wanahara nyumba moja, kinyesi cha wote wawili kipelekwe maabara. Na ninyi gazetini, mkiandika tena juu ya kuhara, mpigieni simu na daktari wa mifugo.

Kwangu mimi, ndama mgonjwa sasa anahudumiwa na mtu asiyemlisha mtoto siku hiyo. Aproni na viatu vya bandani havivuki mlango wa banda, na pale mlangoni pana sabuni, imefungwa kwa kamba ili isihamishwe.

Bibi mfugaji