Mwalimu anataka niache kumfundisha binti yangu kusoma. Niache?

Ndugu mhariri na wasomaji wenzangu,

Salamu kutoka Walukuba, Jinja, hapa Uganda. Naomba ushauri kuhusu binti yangu wa miaka 11, aliye darasa la tano katika shule ya serikali hapa mtaani. Hadi mwaka jana hakujua kusoma. Alikuwa akikariri. Ukurasa aliousikia darasani anautiririsha wote bila kosa, lakini ukimgusia neno moja la katikati, kimya.

Si uvivu wake. Aliingia darasa la kwanza Februari 2020, na Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Zilipofunguliwa Januari 2022, watoto walisogezwa mbele kana kwamba walikuwa wamesoma. Masomo ya redioni yalikuwepo, lakini mtoto asiyejua herufi atafuata nini redioni? Sasa darasani wanakaribia mia na mwalimu ni mmoja. Mwalimu huyo simlaumu, namwona anavyochoka.

Kisha kuna lugha. Mtaa wetu ulijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, na tangu hapo tunakaa humu makabila yote. Baba watoto ni Mjapadhola, mimi Mgisu, jirani wa kulia Mluo, wa kushoto Mlugbara. Nyumbani kwetu ni Kiswahili tu. Mtaala ulioanza 2007 unataka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya kwao, lakini mahali palipochanganyika kama hapa shule huanza na Kiingereza moja kwa moja. Kwa hiyo mwanangu alifundishwa kusoma kwa lugha ambayo hakuwa na mtu wa kuizungumza naye, si nyumbani wala uani.

Mimi niliachia shule darasa la tano, Busia ya upande wa Kenya. Kiingereza changu ni cha kuuliza bei, ila Kiswahili nasoma vizuri. Basi jioni, nikishatoka Masese kuuza mukene, yaani dagaa, tukaanza: ba be bi bo bu kwa mkaa sakafuni, kisha majina ya watu wa nyumbani, kisha kalenda ya ukutani, kisha Injili ya Mathayo mstari kwa mstari. Muhula haujaisha, akasoma peke yake neno ambalo hajawahi kuliona. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, majirani wakatoka kuuliza kuna nini.

Shida ikaanzia hapo. Mwalimu akaniita shuleni. Mtoto anaandika Kiingereza kwa matamshi ya Kiswahili, kila neno analiongezea irabu mwishoni. Nikaambiwa namchanganya, kufundisha niwaachie wao, yangu yawe madaftari na hela ya posho, yaani ugali, na maharagwe. Katika mikutano ya wazazi pia hatuulizwi lingine zaidi ya hela, tena mikutano yenyewe huendeshwa kwa Kiingereza, na nusu yetu tunaondoka bila kujua tumekubali nini.

Baba watoto, ambaye ni dereva wa bodaboda, yuko upande wa mwalimu. Kwake yeye, tangu elimu ya bure ianze 1997, kusoma ni kazi ya serikali. Tena anasema mtihani wa darasa la saba una masomo manne, Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii, na yote yameandikwa kwa Kiingereza. Hapo siwezi kumbishia. Sasa anataka kumpeleka shule ya bweni ya kulipia kule Tororo kwa dada yake, na hela hiyo hatuipati bila kuuza pikipiki inayotulisha.

Nami nina langu. Sheria ya Elimu ya 2008 inapotaja wajibu wa mzazi haiishii kwenye chakula na nguo, inataja pia kumwongoza mtoto. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, ingawa kwetu hakuna wa kukifundisha. Na kikubwa zaidi, tangu mtoto ajue herufi zinavyoshikana, hata ukurasa wa Kiingereza anaujaribu neno kwa neno. Anakosea sana, lakini hakariri tena.

Walimu mnaosoma gazeti hili, na wazazi mliopitia haya, nisaidieni. Niendelee na Kiswahili mpaka asome bila kukwama ndipo tuhamie Kiingereza, au nisimame sasa? Mzazi asiyejua Kiingereza amsaidieje mtoto wake nyumbani kwa Kiingereza hicho? Na mwalimu nizungumze naye vipi asione kwamba nampinga? Mama wawili wa hapa uani wameniomba niwachukue na watoto wao jioni, nami nimewaambia wasubiri majibu yenu. Muhula wa tatu unafunguliwa Septemba, na baba watoto ataamua kabla ya hapo.

Mama wa darasa la tano,
Walukuba, Jinja